Bei Iliyoandikwa

Mjumbe wa mahakama alimkuta Zhor juu ya ngazi, brashi ya chokaa mkononi, kitambaa cha kichwa kimejaa madoa meupe. Mlango ulikuwa wazi ili harufu itoke, na mjumbe akaingia mpaka uani bila hodi, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

"Hapa ndipo kwa Lahbib Zeroual, fundi wa majuba?"

"Ndipo. Mwenyewe yuko dukani. Mimi mkewe. Kuna nini?"

"Shuka kwanza, mama. Sisomi karatasi ya serikali huku mtu kanisimamia kichwani."

Zhor akashuka. Mjumbe akasoma haraka, sauti ya puani, na alipoona mama hafuati, akakunja karatasi na kueleza kwa maneno ya kawaida. Nyumba hii ilikuwa ya urithi. Mfadel, aliyewauzia, alikuwa na theluthi mbili tu. Theluthi moja ni ya dada yake, Lalla Shama. Sasa Lalla Shama anadai shufaa: mshirika wa mali ana haki ya kumtoa mgeni aliyenunua sehemu ya mwenzake, mradi amrudishie alicholipa. Na alicholipa ni hiki hapa, hundi ya dirhamu laki mbili na nusu, bei iliyo kwenye hati, na juu yake kodi na gharama zote za kuandikisha.

"Laki mbili na nusu?" Zhor alicheka, maana alidhani mtu huyu kakosea nyumba. "Wewe bwana! Sehemu hii tumeinunua laki sita!"

Mjumbe alitazama pembeni. "Mimi sijasikia, mama. Na kama unajipenda, usilirudie hilo mbele ya mtu mwenye kalamu. Mnapokea au mnakataa?"

"Tunakataa! Tunakataa mara mia!"

"Mara moja inatosha." Akaandika. "Hundi inakwenda kwenye hazina ya mahakama. Nyinyi mtakwenda kwa hakimu."

Alipogeuka alikanyaga sinia la chokaa, akatoka akiacha nyayo nyeupe hadi kizingitini. Zhor alizifuta akiwa amepiga magoti, akilia kwa hasira, si kwa huzuni, maana huzuni ilikuwa bado haijafika.

*

Hapa Meknes, mtaa mzima ulijua kwamba Lahbib ni bingwa wa kodi. Shahada hakuwa nayo, ila kwa kinyozi wa mtaa alikuwa na kiti chake, na kila aliyekuja kunyoa alipewa somo bure. "Ukinunua nyumba," angesema, akiinua vidole, "serikali inakata nne kwa mia ya bei kwa kuandikisha. Ofisi ya ardhi inakata moja na nusu. Nyumba ya laki sita, elfu thelathini na tatu zimekwenda! Mimi nimeandikisha laki mbili na nusu. Nimelipa kumi na tatu na kitu. Elfu kumi na tisa mia mbili na hamsini zimebaki mfukoni mwangu. Na muuzaji naye kaokoa yake ya faida. Anayelipa kamili ni mjinga." Wanaume walimpongeza. Kinyozi alimpongeza kuliko wote, kisha akaenda kumsimulia mkewe, na mke wa kinyozi amekuwa shoga wa Lalla Shama tangu wote wawili ni wasichana. Haya, tangaza biashara yako!

Elfu kumi na tisa zile Lahbib alizinunulia sedari. Yale makochi marefu ya kuzunguka kuta tatu za sebule, mbao za mwerezi, magodoro ya sufi, kitambaa cha kijani chenye nyuzi za dhahabu. Seremala alikuja kupima mwenyewe: ukuta mrefu mita nne na sentimita ishirini. Zikatengenezwa kwa ukuta ule.

Kwenye sedari hizohizo ndipo alipoketi mchana huo, karatasi ya mahakama magotini, chungu cha tajini ya maharagwe kinapoa mbele yake.

"Hawezi," alisema. "Shama hana hata nauli ya kwenda sokoni."

"Ana mtoto Italia. Hundi nimeiona kwa macho yangu."

"Basi tutasema bei ya kweli."

"Kwa ushahidi gani, Lahbib? Hebu niambie. Laki mbili na nusu zilipitia kwa waandishi wa hati, zikahesabiwa, zikapigwa muhuri. Hizo zilitoka wapi?"

"Unajua zilipotoka. Mkopo wa chama cha mafundi. Na akiba yangu."

"Na laki tatu na nusu zilizokwenda ndani ya mfuko wa sukari?"

Lahbib alichovya mkate kwenye mchuzi, akauacha humohumo.

"Nakuuliza!"

"Zako."

"Zangu. Sehemu yangu ya shamba la baba. Mkanda wangu wa dhahabu niliovaa siku uliyonioa. Bangili saba. Nilikuuliza jikoni pale, kwa nini zangu zisipite mezani na zenyewe zikaandikwe? Ukanijibuje?"

"Zhor, tusianze."

"Ulisema, 'Mambo ya kodi wewe huyajui, pika chai.' Nikapika chai, mjinga mimi! Zako zikaandikwa, zangu zikafichwa. Sasa zinarudi zako, zangu zinaliwa."

Wasichana wao wawili walikuwa wameacha kula. Mkubwa akavuta tajini upande wake taratibu akaifunika, kwa kukosa la kufanya.

*

Mfadel hakuwa mtu wa kutafutwa mbali. Tangu auze alikuwa na gari jipya la mizigo, na gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya mkahawa wa wanaume, mlango wazi, redio inaimba, ili kila apitaye ajue. Lahbib alisimama nje akirekebisha kola. Zhor alimngoja akachoka, akaingia mwenyewe. Mwanamke kuingia mkahawa ule ni habari ya wiki nzima. Karata zikasimama mikononi. Zhor alimwita Si, yaani Bwana, kama wanawake wanavyoitwa Lalla.

"Salamu aleikum, Si Mfadel. Dada yako anatutoa."

"Aleikum salamu, Lalla Zhor. Nimesikia. Moyo umeniuma." Hakusimama. "Shama ana roho mbaya tangu utotoni."

"Ulituambia karidhika. Ulisema atatuuzia theluthi yake mwakani."

"Alikuwa karidhika. Mwanamke, leo ndiyo, kesho siyo. Nifanyeje?"

"Uje kwa hakimu useme ulipokea laki sita. Au urudishe zile tatu na nusu."

Mfadel aliweka gilasi chini, akatazama meza za jirani, akawakusanya wote kwa macho. "Tatu na nusu zipi?"

"Usinifanyie mchezo. Ulizihesabu nyumbani kwangu, kwenye meza yangu, huku unakula chapati zangu za msemen!"

"Msemen nilikula, sikatai. Mungu akubariki mikono." Akatabasamu. "Zilikuwa na chumvi kidogo."

Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza karata alicheka mpaka akakohoa. Zhor hakuondoka.

"Kula haramu yako, ikutokee puani," alisema. "Mbele ya watu wote hawa nakwambia, ulichukua dhahabu yangu."

"Una karatasi? Mimi ninayo. Karatasi inasema laki mbili na nusu, na kodi ya faida nimelipa juu ya hizohizo. Unataka nije mahakamani niseme nimeiibia serikali? Mumeo ndiye aliyenifundisha kuandika hivyo! Muulize, yule pale nje." Akapaza sauti. "Si Lahbib! Mbona umesimama juani? Ingia, bwana! Kijana, mletee Si Lahbib kahawa, nalipa mimi."

Na kahawa ikaletwa, kule kule nje, kwenye sahani ndogo yenye vipande viwili vya sukari. Lahbib angeweza kuimwaga. Angeweza hata kuiacha ipoe. Aliinywa, tena kwa haraka, kwa sababu watu walikuwa wakimtazama na hakujua aishike vipi.

Njia nzima ya kurudi Zhor alitembea hatua kumi mbele yake.

*

Wakili waliyempata alikuwa kijana, mkweli kupita bei yake. Aliwaambia, "Hakimu anaangalia hati. Sikuahidini kitu. Mlango ni mmoja, nao ni mwembamba. Wewe Si Lahbib simama useme bei ya kweli. Ukishasema, mimi nitaomba Lalla Shama aapishwe kwamba hajui ni kiasi gani kililipwa zaidi. Mama huyu anaogopa kiapo, mji mzima unajua. Labda atayumba, labda tutakaa naye tukapatana. Lakini ukishasema, imeandikwa. Watu wa kodi watakufuata, na faini itakuwa yako."

"Faini kiasi gani?" aliuliza Lahbib.

"Kiasi chochote, haifiki laki tatu na nusu," alijibu Zhor. "Atasema."

"Nitasema," alisema Lahbib.

Alisema vivyo hivyo jioni yake. Alisema tena asubuhi, akivaa juba lake la kijivu alilolishona mwenyewe kwa ajili ya Idi. Zhor alimnyooshea ukosi kwa mkono, na kwa mara ya kwanza tangu mjumbe aje, alizungumza naye bila kelele. "Neno moja tu, Lahbib. Laki sita. Ukishalitoa, mengine niachie mimi."

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na kimejaa. Lalla Shama aliketi mbele, mwanamke mnene mwenye mikono ya jiko, kwa maana amepikia harusi za watu miaka thelathini. Hakuwatazama. Waandishi wawili walioandika hati nao waliitwa, wameketi bega kwa bega, vilemba vyao vyeupe, vitabu mapajani.

Hakimu alikuwa na mafua. Alisoma, akapenga, akasoma.

"Lahbib Zeroual. Hati hii inasema ulinunua kwa laki mbili na nusu. Wakili wako anasema una neno kuhusu bei. Lipi?"

Lahbib alisimama. Kalamu ya karani ilikuwa tayari imeinuliwa.

"Mheshimiwa... bei..."

"Ngoja. Kabla hujasema." Hakimu akawaelekea waandishi. "Mlimuuliza bei?"

"Mara tatu, mheshimiwa," alisema mkubwa wao. "Kama ilivyo desturi yetu. Mara zote tatu alisema ni hiyo, na hakuna nyingine nyuma yake. Akamtaja Mungu."

"Alimtaja Mungu." Hakimu akarudi kwa Lahbib. "Sasa, unataka kuniambia siku ile ulisema uongo mbele ya waandishi wa sharia, ukaidhulumu hazina ya nchi? Sema tu. Karani anaandika."

Nyuma kabisa, kwenye benchi la wanawake, Zhor alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa kiti. Midomo yake ilikuwa inatamka kwa ajili yake: laki sita, laki sita. Lahbib alitazama kalamu. Alitazama kilemba cha mzee yule, ambaye mwaka jana yeye Lahbib alimshonea juba bila kumpunguzia hata dirhamu. Alifikiri juu ya kiti chake kwa kinyozi, na nani angemsikiliza tena akiwa amekikalia. Woga wa mtu mzima ni kitu kibaya kukitazama, nami nasema hivyo nikijua wengi wetu tungefanya vilevile.

"Bei ni hiyo iliyoandikwa, mheshimiwa," alisema. "Laki mbili na nusu."

"Muongo!" Zhor alikuwa kasimama juu ya benchi. "Muongo mkubwa! Laki sita! Nilizihesabu mimi! Zangu ziko wapi, Lahbib? Dhahabu yangu iko wapi?"

"Mtoeni huyo mama."

"Shama! Wewe unajua! Apa kama hujui! Apa mbele yao!"

Lalla Shama aliinamisha kichwa, akachezea tasbihi yake. Hakuna aliyemwomba aape. Askari wawili walimtoa Zhor kwa mabega, kiatu kimoja kikabaki chini ya benchi, na karani akaandika alichoambiwa na Lahbib.

*

Walihamia vyumba viwili juu ya tanuri la mkate, ambako ukuta wa jikoni huunguza mkono kuanzia alfajiri. Laki mbili na nusu ziliporudi, chama cha mafundi kilichukua zake, kilichobaki kikalipa pango la mwaka. Sedari hazikuenea. Ukuta mrefu kuliko yote ulikuwa mita mbili na nusu, kwa hiyo zilitenganishwa vipande, zikasimamishwa wima pembeni, zimefungwa kamba, na wasichana wakawa wanalala sakafuni karibu nazo. Zhor alimpikia mumewe na kumfulia, lakini hakumwita tena kwa jina.

Mwezi wa nne tangu wahame, mke wa kinyozi alikuja na ujumbe kutoka kwa Lalla Shama: kuna barua ya serikali imefika kwangu, ina jina la mumeo, njoo uichukue kabla sijaitupa.

Zhor akaenda. Lahbib akamfuata nyuma, hakuna aliyemwambia aje.

Lalla Shama alifungua mwenyewe. Nyumba ilinukia vitunguu na bizari. Kuta zilikuwa bado na chokaa ya Zhor, na pale sebuleni palikuwa patupu, mikeka miwili tu, na ukutani mstari wa mahali migongo ya sedari ilipokuwa imeegemea.

"Ingia wewe," alimwambia Zhor. "Yeye abaki hapo mlangoni."

Barua ilikuwa ya idara ya kodi. Zhor aliisoma akiwa amesimama, polepole, kidole chini ya kila mstari. Idara imepitia bei iliyotangazwa. Idara inaona thamani halisi ya sehemu ile siku ya kuuzwa ilikuwa dirhamu laki sita. Tofauti isiyotangazwa: laki tatu na elfu hamsini. Lahbib Zeroual anadaiwa nne kwa mia ya tofauti hiyo, yaani elfu kumi na nne, pamoja na faini na nyongeza, jumla elfu kumi na saba na mia mbili.

Alirudia mstari wa laki tatu na elfu hamsini mara mbili.

"Wanasemaje?" Lahbib aliuliza kutoka mlangoni.

"Wanasema nilikuwa sisemi uongo."

Lalla Shama alimwona Zhor anamtazama, akakasirika, maana alikuwa mtu anayekasirika anapoona haya. "Usinitazame hivyo! Mimi sikukuibia. Mama yangu alikufa kwenye chumba kile cha juu. Siku ya arubaini yake Mfadel alibadili kufuli, nikakuta mlango umefungwa nikiwa na sufuria ya kuskusi mikononi. Kisha nasikia kauza. Nyinyi mliuliza habari zangu? Mlibisha kwangu hata siku moja? Bei mliiandika wenyewe. Nimeilipa kama mlivyoiandika."

"Ni kweli," alisema Zhor. "Hatukubisha."

Lalla Shama hakulitegemea jibu hilo. Akakaa kwenye mkeka, akajipepea kwa ncha ya kitambaa.

"Sebule yako haina kitu," Zhor aliendelea. "Ukuta ule ni mita nne na ishirini. Sedari zangu ni mita nne na ishirini. Mwerezi. Zilinunuliwa elfu kumi na tisa."

"Najua zilinunuliwa kwa fedha gani," Lalla Shama alisema. "Mtaa mzima unajua. Elfu kumi."

"Kumi na sita."

"Kumi na mbili, na hapo nakuonea huruma."

"Huruma yako kaa nayo. Kumi na tano, na magodoro nimeyaanika mwenyewe wiki iliyopita. Mwite seremala apime akutengenezee nyingine, uone atakwambia ngapi."

Lalla Shama alitazama ule mstari ukutani. Harusi ya mpwa wake ilikuwa baada ya mwezi mmoja, na wageni hawakai juu ya mikeka. "Kumi na tano," alisema, akaenda chumbani, akarudi na fedha kwenye kitambaa, na daftari lake la oda za harusi, na kalamu. Alihesabu mara mbili, akampa Zhor. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti.

"Lakini kwenye risiti tuandike elfu tano. Mwanangu ndiye anayenitumia hizi. Akiona nimetoa kumi na tano kwa makochi, atanisema vibaya."

"La," alisema Zhor.

"Mwanamke wewe! Fedha si unayo mkononi? Inakupunguzia nini?"

"Mwandikie tu anavyotaka," alisema Lahbib. Alikuwa amesogea hatua moja ndani ya mlango, uso umechangamka kidogo, kwa sababu alikuwa akipiga hesabu. "Karatasi tu hiyo, Zhor. Kumi na tano tukiongeza elfu mbili na kitu, ile kodi inakwisha leo leo."

Zhor alimpa barua. Aliikunja kwanza vizuri, akamwekea mkononi, akamfunga vidole juu yake.

"Kodi ina jina lako," alisema.

Kisha akageuka, akakaa kwenye mkeka mbele ya Lalla Shama, fedha mapajani mwake, bila kuzigusa.

"Andika elfu kumi na tano. Kwa tarakimu na kwa maneno. Usipoandika, chukua zako, nitazikata sedari hizi kwa shoka nizitie kwenye tanuri la mkate."

Lalla Shama akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika, akitamka kila neno kwa sauti ya hasira. Alipofika chini akasimamisha kalamu.

"Nimepokea mimi... nani? Lahbib Zeroual?"

"Zhor," alisema. "Zhor binti Omar. Andika."